Mstari Unaotoweka: Vihisi vya Nano katika Utambuzi wa Dawa za Kulevya

Utangulizi

Mhudumu wa afya katika zahanati ya uwanda wa Makonde huenda hajawahi kulisikia neno nanoteknolojia likitajwa kazini kwake, lakini kila siku ya kazi huigusa kwa mikono yake. Kipimo cha haraka cha malaria, kile anachokiwekea tone la damu na matone ya kimiminika kisha akasubiri mstari mwekundu, hubeba chembe za dhahabu ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Wekundu wa mstari ule ni wekundu wa dhahabu hiyo. Ndivyo kilivyo pia kipimo cha ujauzito kinachouzwa madukani.

Elimu hiyohiyo hutumika leo katika sayansi jinai kutambua heroini, kokeini, bangi, methamfetamini na dawa nyingine za kulevya katika mkojo, mate, jasho, au katika unga uliokamatwa. Vifaa vyake vinazidi kuwa vidogo na vyepesi, na haitakuwa ajabu vikifika katika vituo vya afya, vituo vya polisi na mahali pa kazi kabla ya maelezo yake kufika. Hapo ndipo penye hatari. Kitepe cha dawa za kulevya hufanana sana na kipimo cha malaria, lakini husomwa kinyume chake. Na matokeo yake, yakisomwa vibaya au yakiaminiwa kupita kiasi, yanaweza kumfukuzisha mtu kazi, kumweka mahabusu, au kumtenga na tiba.

Somo hili linaeleza vihisi hivyo vinavyofanya kazi, mambo vinayoweza kusema na yale visiyoweza, na wajibu wa mhudumu anayevishika. Jambo kuu la kukumbuka ni moja: kihisi hutoa dalili, na maabara hutoa ushahidi.

Kwa nini somo hili lituhusu watu wa Kusini

Kata ya Chilangala iko wilayani Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Ukingo wa uwanda huo hutazama bonde la mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Upande wa magharibi ardhi hushuka kuelekea Masasi na vilima vyake vya mawe. Upande wa mashariki barabara huelekea Mtwara na bahari. Ni nchi ya mikorosho na mihogo, si nchi ya heroini. Hata hivyo pwani yetu imo katika njia ya biashara hiyo. Heroini inayotoka Afghanistan husafirishwa kwa majahazi kutoka pwani ya Makran, katika Iran na Pakistan, hadi pwani ya Afrika Mashariki na kaskazini mwa Msumbiji. Wachunguzi huiita Njia ya Kusini.

Mwezi Januari 2012 zaidi ya kilo 200 za heroini zilikamatwa katika mkoa jirani wa Lindi. Mwezi Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilikamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini katika mikoa ya Dar es Salaam na Iringa. Bidhaa inayopita njiani haikosi kumwagika njiani: penye njia ya wasafirishaji, watumiaji hupatikana baadaye, na mtumiaji ni mgonjwa kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Nchi yetu ilikubali ukweli huo ilipofungua kliniki ya methadoni katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwezi Februari 2011, na baada yake kliniki nyingine katika mikoa mingine.

Kwa hiyo mhudumu wa Newala au Masasi anaweza kukutana na suala hili kwa sura tatu: mgonjwa aliyezidiwa na dawa, mgonjwa aliye katika tiba ya uraibu, na mtu aliyeletwa ili apimwe kwa sababu anashukiwa. Kila sura ina kanuni zake, nasi tutazirudia baada ya kukielewa chombo chenyewe.

Kihisi cha kibiolojia ni nini

Kihisi cha kibiolojia ni kifaa kinachounganisha sehemu tatu. Ya kwanza ni kitambuzi, yaani kitu cha kibiolojia kinachoijua molekuli inayotafutwa na kuishika, kama kufuli linavyojua ufunguo wake. Kitambuzi kinaweza kuwa kingamwili, kimeng'enya, au uzi mfupi wa DNA uliochaguliwa maabara, unaoitwa aptama. Ya pili ni kigeuzi, kinachobadili tukio hilo la kushikana liwe ishara inayopimika: rangi, umeme au nuru. Ya tatu ni kionyeshi, yaani mstari kwenye kitepe, namba kwenye kioo kidogo, au picha kwenye simu.

Wahudumu wengi wanakijua tayari kihisi kimoja maarufu kuliko vyote: mashine ya kupimia sukari ya damu. Asili yake ni mwaka 1962, Leland Clark na Champ Lyons, wa Marekani, walipoeleza namna ya kupima glukosi kwa kuweka kimeng'enya juu ya elektrodi. Kimeng'enya ndicho kitambuzi, elektrodi ndiyo kigeuzi, na namba anayosomewa mgonjwa wa kisukari ndiyo kionyeshi. Kihisi cha dawa za kulevya hufuata mpango huohuo, ila kitambuzi chake huijua morfini au kokeini badala ya sukari.

Kuna tofauti moja kubwa, nayo ni kiasi. Sukari katika damu ni nyingi. Dawa za kulevya katika mkojo ni kidogo sana. Vitepe vingi vya kutambua morfini vimewekewa kikomo cha nanogramu 300 katika kila mililita moja ya mkojo. Ili kukipata kiasi hicho akilini, tufikirie kisima cha maji ya mvua, kama vile watu wa uwanda wa Makonde wanavyojichimbia majumbani kwa sababu ya uhaba wa maji. Kisima cha lita 10,000 kikitiwa nusu kijiko cha chai cha chumvi, yaani gramu 3 hivi, na maji yakakorogwa sawasawa, kila mililita ya maji hayo itakuwa na nanogramu 300 za chumvi. Ulimi hauwezi kuionja. Kihisi hutakiwa kuionja, tena katikati ya chumvi, protini na mabaki mengine yote yaliyomo katika mkojo.

Udogo ulivyo nguvu

Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 50,000 hadi 100,000 hivi. Chembe za dhahabu zilizo katika vitepe vyetu kwa kawaida ni za nanomita 20 hadi 40. Nyenzo zinazofikia udogo huo huitwa nyenzo za nano, nazo hupata tabia ambazo kipande kikubwa cha kitu hichohicho hakina.

Faida ya kwanza ni ukubwa wa uso. Kila mama anayeanika makopa anajua kwamba muhogo uliokatwa vipande vidogo hukauka upesi kuliko muhogo mzima, kwa sababu sehemu kubwa zaidi imekutana na jua. Tuchukue mchemraba wa dhahabu wenye upande wa sentimita 1: uso wake wote ni sentimita za mraba 6. Tukiukata kuwa michemraba yenye upande wa nanomita 10, dhahabu haijaongezeka hata kidogo, lakini jumla ya nyuso zake inakuwa mita za mraba 600, eneo linalozidi uwanja wa netiboli. Juu ya uso huo mpana yanaweza kupangwa makundi makubwa ya kingamwili, na kila moja ni mkono unaongoja kushika molekuli ya dawa.

Faida ya pili ni rangi. Mwaka 1857 Michael Faraday wa London alionyesha kwamba dhahabu iliyosagwa kuwa chembe ndogo mno ndani ya maji huonekana nyekundu kama yakuti, wala si njano. Elektroni zilizo juu ya chembe hizo huyumba pamoja zinapopigwa na nuru na kuimeza sehemu yake ya kijani; kinachobaki kulifikia jicho ni wekundu. Chembe hizo zikisogeleana na kushikana, rangi hugeuka kuwa ya zambarau au buluu. Basi kitu chochote kinachozikusanya au kuzitawanya kinaweza kusomwa kwa macho bila mashine.

Faida ya tatu ni upitishaji wa umeme. Mirija ya nano ya kaboni, na grafini, ambayo ni tabaka la kaboni lenye unene wa atomi moja lililotengwa mwaka 2004 katika Chuo Kikuu cha Manchester, huufanya uso wa elektrodi upokee ishara hafifu ambazo elektrodi ya kawaida isingezihisi.

Njia tatu za kuisoma ishara

Njia ya rangi ndiyo rahisi zaidi. Mwaka 2006 Juewen Liu na Yi Lu, katika Chuo Kikuu cha Illinois, walizifunga chembe za dhahabu pamoja kwa nyuzi za DNA zenye aptama ya kokeini. Kokeini ilipotiwa, aptama iliiacha kazi ya kufunga ikaishika kokeini. Chembe zikatawanyika, na rangi ikageuka kuwa nyekundu. Katika mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza, waliweka kingamwili juu ya chembe za dhahabu na kuonyesha kotinini, mabaki ya nikotini, ndani ya alama za vidole vya wavutaji wa sigara. Tangu hapo alama ya kidole si kitambulisho tu. Jasho lililomo ndani yake linaweza kueleza kilichopita mwilini.

Njia ya umeme hutumia elektrodi zilizochapwa juu ya kipande kidogo cha plastiki au karatasi, mfano wa vile vya kupimia sukari, na kupakwa grafini, mirija ya kaboni au chembe za dhahabu. Kila dawa hupoteza elektroni kwa nguvu ya umeme inayoihusu, na mchoro unaopatikana huwa kama saini yake. Ugumu ni kwamba unga wa mitaani hauuzwi safi. Huchanganywa na parasetamoli, kafeini, levamisoli na vinginevyo, na vichanganyiko hivyo huweza kuificha au kuisogeza saini hiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, wamefanya kazi kubwa ya kuzipambanua saini za kokeini iliyochanganywa.

Njia ya nuru hutumia uso wenye mikwaruzo ya nano ya fedha au dhahabu. Molekuli iliyotua juu ya uso huo ikipigwa na leza hurudisha nuru yenye alama zake mahususi, na uso ule huikuza nuru hiyo mara nyingi sana. Njia hii husema mengi kuliko zile mbili, lakini huhitaji kifaa cha kusomea na mtu aliyefunzwa.

Nyingi za kazi hizi bado ziko katika maabara za utafiti, na mara nyingi hujaribiwa kwanza katika maji safi yaliyoandaliwa. Mkojo, mate na damu ni vitu vingine: protini huufunika uso wa kihisi kama ukungu unavyofunika kioo. Kwa hiyo kifaa ambacho mhudumu wa wilayani atakutana nacho mapema zaidi ni kile kikongwe miongoni mwao, kitepe chenye chembe za dhahabu na kingamwili. Hicho ndicho tukisome kwa makini.

Kitepe cha dawa husomwa kinyume

Katika kipimo cha malaria, kinachotafutwa ni protini ya kimelea. Protini ni molekuli kubwa, nayo huweza kushikwa na kingamwili mbili kwa wakati mmoja: moja iliyobeba dhahabu, nyingine iliyofungwa kwenye mstari wa kipimo. Protini ikiwapo, dhahabu hunaswa na mstari huonekana. Mistari miwili maana yake malaria ipo.

Molekuli ya morfini au ya kokeini ni ndogo mno kushikwa na kingamwili mbili. Kwa sababu hiyo kitepe cha dawa hutengenezwa kwa ushindani. Kwenye mstari wa kipimo, wenye herufi T, imefungwa dawa yenyewe kwa kiasi kidogo. Dhahabu yenye kingamwili hupita hapo pamoja na mkojo. Mkojo ukiwa hauna dawa, mikono ya kingamwili iko mitupu, hivyo huishika dawa iliyofungwa kwenye mstari, dhahabu hunaswa, na mstari huonekana. Mkojo ukiwa na dawa ya kutosha, mikono hiyo imeshajaa kabla ya kufika. Dhahabu hupita bila kunaswa, na mstari wa T hautokei. Mstari wa udhibiti, wenye herufi C, sharti utokee katika hali zote mbili.

Basi kanuni za kusoma ni hizi:

1. Mistari miwili, C na T: dawa haikuonekana juu ya kikomo cha kipimo.
2. Mstari mmoja wa C, na T haupo: huenda dawa ipo, matokeo ni chanya ya awali.
3. Mstari wa T uliofifia bado ni mstari, na matokeo yake ni hasi. Ufifio si kipimo cha wingi wa dawa.
4. Mstari wa C usipotokea, kipimo ni batili, hata kama T imeonekana. Kirudiwe kwa kitepe kipya.

Mhudumu aliyezoea malaria kwa miaka mingi, akisoma kitepe cha dawa kwa mazoea, atamtangaza asiyetumia kuwa mtumiaji na mtumiaji kuwa safi. Maelekezo ya mtengenezaji yasomwe kila mara, pamoja na tarehe ya mwisho wa matumizi na joto la kuhifadhia, ambalo kwa vitepe vingi ni nyuzi 2 hadi 30 za Selsiasi. Sanduku lililoachwa kwenye gari juani huenda limekwisha kuharibika kabla halijafunguliwa.

Chanya isiyo ya kweli na hasi isiyo ya kweli

Kingamwili huitambua molekuli kwa umbo lake, na maumbo hufanana. Hapa ndipo wagonjwa wetu wa kila siku wanapoweza kudhurika bila kosa.

Tuchukue mfano wa kufundishia. Kijana anatumia dawa za kifua kikuu, na miongoni mwake imo rifampisini. Anaomba kazi ya udereva, anapimwa mkojo kwa kipimo cha afyuni, na matokeo ni chanya. Mhudumu asiyeuliza historia ataandika kwamba anatumia heroini. Lakini rifampisini imethibitika kuleta chanya isiyo ya kweli katika baadhi ya vipimo vya afyuni vinavyotumia kingamwili. Vivyo hivyo antibiotiki za kundi la levofloksasini na ofloksasini. Mkojo wenye rangi ya machungwa ungetosha kumkumbusha mpimaji aulize swali moja tu: unatumia dawa gani?

Efavirenzi, iliyotumiwa na wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI, huweza kuleta chanya isiyo ya kweli ya bangi na ya dawa za jamii ya diazepamu katika baadhi ya vipimo. Dawa za mafua zenye efedrini au pseudoefedrini huweza kuleta chanya ya amfetamini. Kodeini ni jambo tofauti kidogo: mwili wenyewe huigeuza sehemu yake kuwa morfini, kwa hiyo kitepe hakikukosea kuiona morfini, ila hakiwezi kusema imetoka katika dawa ya kikohozi au katika heroini.

Upande wa pili, hasi haimaanishi kuwa mtu hajatumia kitu. Kitepe cha morfini kwa kawaida hakiioni methadoni, fentanili wala tramadoli, kwa sababu maumbo yake ni mengine. Kila moja huhitaji kitepe chake. Muda nao huficha. Morfini huonekana kwenye mkojo kwa siku 2 hadi 3 hivi. Mabaki ya bangi kwa mtumiaji wa kila siku huweza kuonekana kwa wiki kadhaa baada ya kuacha, kwa hiyo chanya ya bangi haithibitishi kwamba mtu alikuwa amelewa siku ya ajali.

Hesabu ambayo kitepe hakiioneshi

Tuseme kipimo fulani huwatambua watumiaji 95 katika kila 100, na huwasafisha wasiotumia 95 katika kila 100. Kwa masikio ya wengi hicho ni kipimo kizuri, na kweli ni kizuri. Sasa tuwapime watu 1,000 wa eneo ambalo watumiaji ni 20 tu. Katika hao 20, kipimo kitawaona 19. Katika 980 wasiotumia, kitawashuku kimakosa 49. Jumla ya waliotoka chanya ni 68, na kati yao watumiaji wa kweli ni 19. Yaani katika kila watu 10 walioshukiwa, wapatao 7 hawana hatia.

Hesabu hii ni ya mfano, lakini kanuni yake ni ya kweli popote: penye watumiaji wachache, chanya nyingi huwa si za kweli. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na mkulima wa Newala anayeingojea mvua ijaze kisima chake anajua pia kwamba si kila wingu hunyesha. Kuwapima wanafunzi wote wa shule au vibarua wote wa ghala kwa kitepe, kisha kuwaadhibu waliotoka chanya bila uthibitisho, ni kuhesabu mawingu kama debe za maji.

Kutoka dalili hadi ushahidi

Katika Tanzania Bara, uthibitisho wa kisheria ni kazi ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, taasisi inayohesabu historia yake tangu maabara ya mwaka 1895 jijini Dar es Salaam, na iliyopewa hadhi ya mamlaka kwa sheria ya mwaka 2016. Huko sampuli hupitishwa katika mashine ya kromatografia ya gesi iliyounganishwa na spektrometa ya tungamo. Sehemu ya kwanza huzitenganisha molekuli zilizochanganyika; sehemu ya pili huivunja kila molekuli na kupima uzito wa vipande vyake. Umbo linaweza kufanana, lakini mpangilio wa vipande pamoja na muda wa kutoka ni vigumu kufanana. Mashine hiyo huweza kuionyesha pia monoasetilimorfini, ambayo mwili huitengeneza kutokana na heroini na si kutokana na kodeini. Hivyo mnywaji wa dawa ya kikohozi hutofautishwa na mtumiaji wa heroini, ilimradi sampuli imechukuliwa mapema, kwa maana kiini hicho hutoweka kwenye mkojo ndani ya siku moja.

Kihisi cha nano basi hakiiondoi maabara kazini. Huisaidia kwa kuchuja. Kutoka Newala hadi Mtwara mjini ni zaidi ya kilometa 100, na si busara kusafirisha kila unga na kila mkojo. Kitepe husema ni upi usafirishwe kwanza. Lakini maabara haiwezi kuirekebisha sampuli iliyoharibiwa njiani. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imesisitiza katika kesi nyingi kwamba kielelezo kiwe na kumbukumbu za mfululizo: nani alikichukua, lini, alimkabidhi nani, kilihifadhiwa wapi, kilifunguliwa na nani. Mnyororo huo ukikatika, kesi inaweza kuanguka hata kama kemia ilikuwa sahihi. Mhudumu anayechukua sampuli kwa ombi la polisi ni pete ya kwanza ya mnyororo: aandike jina, tarehe na saa, afunge kwa lakiri mbele ya mhusika, wote watie saini, na asiiache juu ya meza hata kwa dakika chache.

Tahadhari moja ni ya kienyeji. Katika vijiji vya mikorosho, unga usiojulikana waweza kuwa salfa au kiuatilifu kingine cha mashambani. Usionjwe, usinuswe, wala usifunguliwe kwa mikono mitupu. Rangi ya unga haisemi jina lake.

Wajibu wa mhudumu na haki ya mgonjwa

Sasa tuzirudie zile sura tatu. Kwa mgonjwa aliyezidiwa, anayepumua polepole, asiyeamka, mwenye mboni za macho zilizosinyaa kama ncha ya sindano, kitepe kingoje. Njia ya hewa ifunguliwe, asaidiwe kupumua, apewe naloksoni ikiwapo, na apelekwe hospitali. Matokeo hasi ya kitepe yasimzuie mtu kumtibu aliye mbele yake.

Kwa mgonjwa aliye katika tiba ya methadoni, kipimo ni sehemu ya mazungumzo ya tiba, si mtego. Mhudumu akumbuke kwamba rifampisini na efavirenzi huharakisha kuondolewa kwa methadoni mwilini; mgonjwa anayeanza dawa za kifua kikuu na kulalamika kwamba dozi yake haimtoshi huenda anasema kweli, wala hajarudia heroini. Ni vyema awasiliane na kliniki yake kabla ya kumhukumu.

Kwa aliyeletwa kwa kushukiwa, mhudumu asichanganye kofia mbili. Sampuli iliyochukuliwa kwa ajili ya tiba isigeuzwe kimyakimya kuwa sampuli ya kesi. Mhusika aelezwe kinachopimwa na kwa ombi la nani, aulizwe dawa anazotumia, na majibu yake yaandikwe pamoja na matokeo. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hazitangazwi barazani, hazipigiwi simu mwajiri. Na katika fomu, maneno yawe sahihi: isiandikwe "anatumia heroini", bali "uchunguzi wa awali wa afyuni: chanya, haujathibitishwa".

Wewe uliye mgonjwa au ndugu wa mgonjwa nawe una haki ya kujua. Ukipimwa, taja kila dawa unayomeza, ya hospitali, ya dukani na ya kienyeji. Matokeo yakikushangaza, omba sampuli ithibitishwe maabara. Na ikiwa kweli dawa za kulevya zimekushika, mstari ule uliotoweka usiwe sababu ya kukimbia hospitali. Tiba ipo, na watu wengi wamepona kwa kuifuata.

Maswali ya kujipima

1. Kitepe cha kokeini kina mstari wa C ulio wazi na mstari wa T uliofifia sana. Utaandika nini? Jibu: Hasi; mstari hafifu ni mstari.

2. Mgonjwa wa kifua kikuu ametoka chanya ya afyuni. Hatua ya kwanza ni ipi? Jibu: Kuuliza na kuandika dawa anazotumia, kisha kuomba uthibitisho wa maabara kabla ya uamuzi wowote.

3. Kwa nini molekuli ndogo haiwezi kupimwa kwa mpango ule wa malaria? Jibu: Haina nafasi ya kushikwa na kingamwili mbili kwa pamoja.

4. Kijana amepoteza fahamu na kitepe cha morfini ni hasi. Je, afyuni imeondolewa katika fikra? Jibu: Hapana, fentanili, methadoni na tramadoli huweza kukipita kitepe hicho. Mtibu kwa dalili unazoziona.